Kufa Kufaana? Namna Tulivyokipokea Kifo cha Rais Magufuli

(Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyoyatoa mbele ya ndugu zetu wanaoishi hapa Uingereza. Walionisikiliza siku ile watayakuta kama yalivyokuwa, isipokuwa nimepunguza maneno ya kurudiarudia. Nayaweka hapa ili na wenzetu walioko nyumbani wayasome, wakosoe panapohitaji kukosolewa.)

 

Kwanza namshukuru Mola aliyetukutanisha tukiwa na uzima. Pili namshukuru mwenyekiti wa kikao, ingawa ameshanionyesha saa yake mara mbili kabla sijafungua mdomo. Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila likitajwa katika baraza zetu hizi watu hugawanyika pande mbili, na wengine hufika kununiana. Nalo ni hili: akifa mtawala ghafla, na mtawala huyo wako waliompenda kama baba na wako alioumizwa ndani ya utawala wake, sisi tulie, tucheke au tunyamaze?

Mtaniuliza, kwa nini leo? Mbona Rais John Pombe Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na kaburi lake huko Chato limeshaota nyasi? Jawabu yangu ni kwamba ugomvi ule haujesha. Nimeuona tena kila alipokufa mkubwa mmoja katika nchi zetu hizi, na naamini tutauona tena. Na pia nina deni langu mimi binafsi katika jambo hili, na nitalisema hapa mbele yenu, kwani mtu hawezi kuwausia wenziwe juu ya kosa ambalo yeye mwenyewe amelificha.

Basi tukumbushane kwanza yalivyokuwa.

Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, wakati huo Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amepata maradhi ya Corona. Lilikuwa tangazo la ajabu kwa wakati ule, kwani tangu Mei 2020 Serikali ya Muungano ilikuwa imeacha kutoa takwimu za wagonjwa, hesabu ikaganda kwenye watu 509 na vifo 21 kana kwamba maradhi yameshapanda meli yakaondoka. Tarehe 17 Februari 2021 Maalim akafariki hospitali ya Muhimbili, na siku hiyohiyo akafariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Maalim akazikwa kwao Mtambwe siku ya pili yake.

Tarehe 27 Februari Rais Magufuli akaonekana Ikulu, Dar es Salaam, na hakuonekana tena. Zikapita siku, watu wakaanza kuulizana. Tarehe 12 Machi, siku ya Ijumaa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawaambia wananchi kuwa Rais yupo, anachapa kazi, na kwamba amezungumza naye. Watu kadhaa wakakamatwa kwa madai ya kueneza uvumi kuwa Rais ni mgonjwa. Siku tano baadaye, usiku, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatokea kwenye televisheni akatangaza kuwa Rais amefariki jioni ile hospitali ya Mzena kwa maradhi ya moyo. Mwezi mmoja kamili, tarehe kwa tarehe, baada ya Maalim Seif.

Sasa nije kwenye deni langu.

Usiku ule mimi nilikuwa zamuni, katika nyumba ya kulelea wazee. Ilikuwa kipindi cha vizuizi vya Corona hapa Uingereza, nimejifunga barakoa na plastiki mwili mzima. Simu ikawa inatetema mfukoni haina kituo. Nilipopata nafasi nikaingia stoo ya mashuka, nikaifungua. Nikasoma. Wallahi sikuhisi huzuni. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichokuwa kinambana. Nikawakumbuka ndugu wa Pemba waliopigwa risasi Oktoba 2020, hata siku yenyewe ya kupiga kura haijafika. Nikamkumbuka Maalim alivyokamatwa mara mbili ndani ya wiki moja ya uchaguzi ule. Na hapohapo, bila ya kufikiri, nikatuma kwenye kundi la familia yetu maneno mawili, "Kufa kufaana", na nyuma yake kile kikaragosi cha njano kinachocheka mpaka machozi.

Katika kundi lile yumo dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Temeke. Anauza vitenge na madera Kariakoo, chini, juu ya turubai. Hakunijibu. Asubuhi, nilipokuwa narudi nyumbani, akanipigia. Alikuwa analia. Akaniambia, "Kaka, wewe uko mbali. Hujawahi kukimbizwa na mgambo na mzigo kichwani. Mimi nimekimbizwa miaka tisa. Mtu huyu ndiye aliyesema tuachwe tuuze. Leo unamcheka?"

Na mimi, badala ya kumpa pole, nikamjibu jawabu ambayo siirudii mbele ya wakubwa zangu waliokaa hapa. Nilimwambia kwa kifupi kwamba ameuza roho za watu kwa kitambulisho cha shilingi elfu ishirini. Akakata simu. Hakusema na mimi kwa muda wa mwaka mzima na zaidi.

Siku ya kuaga mwili pale uwanja wa Uhuru, alikwenda. Alitoka nyumbani alfajiri, akasimama kwenye msongamano, akaona unazidi, akarudi bila ya kiatu kimoja. Wengine hawakurudi. Watu 45 walikufa katika mkanyagano wa siku ile. Khabari ya kuwa na yeye alikuwemo niliipata kwa mama yangu, si kwake, kwani mimi nilikuwa sistahiki tena kuambiwa.

Ndugu zangu, nimekieleza kisa hichi kwa sababu najua si changu peke yangu. Nikikutazameni usoni nawaona wenye visa kama hivyo. Basi tujiulize: dada yangu alikuwa mjinga? Na mimi nilikuwa dhalimu? Au kila mmoja wetu alishika mguu mmoja wa ndovu akadhani amemjua ndovu mzima?

Tuanze na waliolia. Tusiwadharau. Aliyelia alikuwa na hesabu zake. Tangu mwaka 2016 mtoto wa masikini alisoma bila ada mpaka kidato cha nne. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini, na yule aliyesota akasoma kwa haki akaona sasa kuna mwenyewe. Mwaka huohuo makampuni ya madini yaliwekwa kitako yakaulizwa khabari za makinikia. Reli ya kisasa, bwawa la Rufiji, ndege za shirika la taifa, na wamachinga ambao kuanzia Disemba 2018 walipewa vitambulisho vyao wakaambiwa wasibughudhiwe. Mtu aliyezoea kutukanwa na karani wa ofisi akamwona karani yule anatetemeka. Hilo lina ladha yake, na anayekwambia halina hajawahi kusimama foleni siku nzima akaambiwa njoo kesho.

Na waliokataa kulia nao walikuwa na hesabu zao. Juni 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku, na nchi ikawa na mzungumzaji mmoja. Ben Saanane wa CHADEMA alipotea Novemba 2016, na mwandishi Azory Gwanda akapotea Novemba 2017, na wake na wazee wao mpaka leo hawajapewa hata kaburi la kulilia. Tundu Lissu alimiminiwa risasi mchana kweupe Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Februari 2018 risasi ilimuua binti mwanafunzi, Akwilina Akwilini, akiwa ndani ya daladala, anakwenda zake, hana khabari na siasa ya mtu. Mabinti waliopata mimba wakaambiwa skuli basi. Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba 2020, na sisi tunaotoka Visiwani tunajua yaliyokuwemo.

Sasa nani kati ya pande mbili hizi amesema uongo? Hakuna. Hesabu zote mbili ni za kweli na zote zimo katika daftari la mtu mmoja. Kosa letu ni kumtaka mwenzetu asome ukurasa wetu tu na wake auchane.

Na hili si geni kwetu. Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Mama yangu alikuwa msichana. Anasimulia kuwa jioni ile katika nyumba yao bibi yake alilia sana, kwani alikuwa amepata eka zake tatu na hajawahi kumiliki hata mnazi. Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, mlango ulifungwa, hakukusikika sauti, na usiku wakasikia harufu ya halua inapikwa. Kesho yake majirani wale walikutana kisimani wakaamkiana kama kawaida, wala hapana aliyemuuliza mwenziwe kitu. Miaka mingi mama hakutuhadithia. Alitwambia tulipokuwa watu wazima. Hiyo ndiyo khofu, ndugu zangu. Watu walikaa na huzuni yao na furaha yao ndani kama magendo.

Edward Moringe Sokoine naye alikufa ghafla, tarehe 12 Aprili 1984, kwa ajali ya gari pale Wami-Dakawa akitokea Dodoma. Nchi ililia kwa machozi ya kweli. Lakini wako waliokuwa wamekamatwa katika vita vya walanguzi vya mwaka 1983, wenye haki na wasio na haki, na hao walipumua kimyakimya. Na mpaka leo, zaidi ya miaka arubaini, ukikaa barazani utamkuta mtu anakwambia ile haikuwa ajali.

Kwa nini? Kwa sababu pahala ambapo ukweli hutolewa kwa kijiko, watu hujipikia wenyewe. Mwaka 2021 tumeambiwa Ijumaa kuwa anachapa kazi, na Jumatano kuwa amefariki kwa maradhi ya moyo aliyokuwa nayo zaidi ya miaka kumi. Maradhi ambayo mwenye nchi, yaani mwananchi, hakuwahi kuambiwa. Tundu Lissu akiwa Ubelgiji alisema hadharani kuwa yeye anaamini ni Corona. Serikali ikasema ni moyo. Na kila mtu akachukua inayompendeza, kwani aliyesema neno la Ijumaa hakutwachia sababu ya kuliamini la Jumatano. Uvumi haukuanzishwa na walioko nje kama tulivyosingiziwa. Uvumi ulizaliwa na ukimya wa siku kumi na nane.

Ama kuhusu dini, kwani najua wako wanaongoja hapo. Wako waliotuletea ile hadithi mashuhuri ya kukataza kuwatukana waliokufa, kwa kuwa wameshayafikia waliyoyatanguliza. Ni kweli. Lakini waliisahau ile nyengine, ya majeneza mawili yaliyopita mbele ya Mtume, moja likasifiwa na moja likasemwa kwa ubaya, wala hakuwakemea walioyasema, bali akawajuilisha kuwa wao ni mashahidi. Mimi si shekhe, na wenye ilimu wapo humu ukumbini watanisahihisha. Nilivyofahamishwa ni kwamba matusi ni kitu kimoja na ushahidi ni kitu chengine. Kusema "fulani alitawala, na katika utawala wake yametokea haya na haya" ni ushahidi. Kukicheka kifo cha mtu ambaye ana mke, watoto na mama mzee kitandani si ushahidi. Ni kujifurahisha tu. Na ndicho nilichokifanya mimi kule stoo ya mashuka.

Na tukumbuke tulivyoumia wenyewe. Alipofariki Maalim Seif wapo waliotukejeli, wakasema amekufa na ukaidi wake. Sisi tulisema hao si watu, hawana utu. Mwezi mmoja haujapita, na sisi tukachukua kejeli ileile tukaigeuza upande wa pili. Kama ilikuwa haramu juu ya jeneza la Mtambwe, itakuwaje halali juu ya jeneza la Chato?

Walakini sikubaliani pia na wale waliotaka kutuliza kwa nguvu. Kwenye maombolezo yale zilipita siku ambapo mtu akinyamaza tu anaulizwa kwa nini hanuni. Machozi ya kulazimishwa hayamfai maiti wala hayamfai aliye hai. Tarehe 23 Machi mwili uliletwa Zanzibar, uwanja wa Amaan, na watu wakaenda. Nimezungumza na waliokwenda. Mmoja alikwenda kwa mapenzi. Mmoja alikwenda kwa sababu mkuu wake wa kazi angemhesabu. Na mmoja aliniambia amekwenda kuhakikisha. Wote watatu walihesabiwa kuwa waombolezaji.

Sasa nifike pale ninapopataka khasa, mwenyekiti usinitolee macho, nakaribia.

Msemo wetu unasema kufa kufaana. Mimi niliutumia kama kejeli, lakini wengi wetu tuliuamini kama siasa. Tuliamini kwamba kwa vile mtu mmoja ameondoka, basi shida imeondoka. Na mwanzo mambo yakaonekana hivyo kweli. Katiba, ibara ya 37, ilifuatwa, Makamu akaapishwa tarehe 19 Machi. Julai 2021 Rais Samia akachanjwa hadharani. Novemba 2021 mabinti waliojifungua wakaruhusiwa kurudi skuli. Januari 2023 mikutano ya hadhara ikafunguliwa, na mwezi huohuo Tundu Lissu akarudi nyumbani. Humu humu katika baraza zetu watu walipongezana. Na mimi nilipongeza.

Lakini tuangalie. Kitu gani kilikuwa kimebadilika? Katiba ilikuwa ileile ya 1977. Tume ya uchaguzi ilibadilishwa jina na sheria yake ikaguswaguswa. Polisi ni walewale. Kilichobadilika ni moyo wa mtu mmoja aliyekaa pale juu. Na kinachotolewa na moyo wa mtu mmoja hurudishwa na moyo huohuo siku ukipenda. Aprili 2025 Lissu akakamatwa na kushitakiwa kwa uhaini, CHADEMA ikatolewa kwenye uchaguzi, mgombea wa ACT-Wazalendo kwa urais wa Muungano akaenguliwa. Tarehe 29 Oktoba 2025 vijana wakatoka mabarabarani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, watu wakauawa, na hata idadi yao ikawa ni ugomvi. Mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97.

Siku zile nilikaa na simu mkononi siku tatu namtafuta dada yangu wa Temeke, sipati. Huku mtandao umezimwa, simu hailii. Ndipo nilipofahamu, ndugu zangu. Mwaka 2021 tuliifanya mauti kuwa ndiyo kura yetu. Tuliingojea itufanyie kazi ambayo sisi hatukuifanya. Na mauti hayana ilani, hayana sera, hayachagui mtu wa kushika baada ya huyu. Alikufa Mzee Karume mwaka 1972, wengine wakapumua, lakini Wazanzibari walikaa mpaka mwaka 1980 ndipo wakapewa kuchagua Rais wao, na hapo ni jina moja tu la kusema ndiyo au hapana. Ametoka mtu, kiti kimebaki vilevile.

Kwa hiyo naomba tuwekeane mambo matatu sisi tulio nje.

La kwanza, akifa mkubwa yeyote, tunayempenda au tusiyempenda, tuwaachie wenye msiba siku zao tatu. Asiyeweza kutoa pole anyamaze. Siku tatu hazimpunguzii mtu haki ya kusema.

La pili, baada ya hapo tuseme, na tuseme kwa tarehe na majina. Tuandike mazuri na mabaya ya kila mtawala katika ukurasa mmoja, ili mtoto wa yule aliyepotezwa na mtoto wa mmachinga wote wawili wakute baba zao wameandikwa.

La tatu, na hili ndilo kubwa, tudai sheria badala ya kungojea jeneza. Tudai katiba ambayo afya ya Rais si siri ya jeshi, ambayo akiumwa tunaambiwa, akifa hatubahatishi, na akikaa vibaya tunaye wa kumtoa akiwa hai na mzima, akaenda zake shambani akalea wajukuu. Nchi ambayo watu wake wanamwombea mtawala kifo ni nchi ambayo haijawapa njia nyengine ya kuachana naye.

Namalizia na dada yangu. Alinipigia mwenyewe siku ya nne. Alikuwa mzima, ila turubai lake na mzigo wote vimepotea katika vurugu. Tulizungumza muda mrefu. Nilimwomba radhi kwa ule usiku wa 2021, nikamwambia kwa kweli nilikosa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi bado nampenda Magufuli. Na wewe usimpende, sikulazimishi. Lakini usinicheke."

Nikamwambia sitomcheka. Nikamtumia alichojaaliwa kukipata ili anunue turubai jengine.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo. Nilipoteleza nisahihisheni, na mwenye neno na asimame alitoe.